Mtambo Mdogo na Hekima ya Uchache

Msomaji mwema, aghalabu tukitaja historia fikira zetu huenda kwa wafalme, vita na mabaharia. Hao wastahili kukumbukwa, lakini vyombo navyo vina historia yake. Tanga, dira, cherehani na taa ya karabai havikuota kama majani. Kila kimoja kilibuniwa na watu waliokuwa na haja mbele yao na fedha chache mifukoni mwao, wakalazimika kuchagua kitakachowekwa na kitakachoachwa. Mtu ajuaye habari za uchaguzi huo hukijua chombo vizuri zaidi kuliko mtu ajuaye kukitumia tu.

Nataka kukueleza habari za chombo kimoja cha namna hiyo. Ni kompyuta iliyoitwa PDP-8, ambayo ilianza kuuzwa mwezi wa Machi 1965. Haikuundwa pwani yetu. Iliundwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Hata hivyo, simu zinazolia leo katika feri ya Likoni, katika soko la Kongowea na katika karakana za Changamwe ni wajukuu wa ukoo ambao mtambo huo ulikuwa mmoja wa wazee wake. Nitavitumia vitu vya hapa kwetu bara ya Mombasa kuvieleza viungo vyake, kwa kuwa jambo geni hufahamika upesi likilinganishwa na lile lililo karibu na macho.

Kwanza yafaa ujue hali ilivyokuwa kabla yake. Kompyuta za miaka ya 1950 zilikuwa mitambo mikubwa yenye kujaza vyumba. Zilihitaji mashine za kupoza hewa, mafundi wa kuzilinda na mali nyingi ya kuzinunua. Mwenye swali hakuruhusiwa kuugusa mtambo. Aliliandika swali lake kwa matundu katika kadi za karatasi, akazikabidhi dirishani, akaenda zake. Jibu lilitoka baada ya saa nyingi, na pengine siku ya pili. Kama alikosea tundu moja, jibu lilikuwa ni kwamba amekosea, naye alianza tena. Hivyo elimu ya kompyuta ilikuwa kama kisima kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa watu wachache.

Mwaka 1957 wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, walianzisha kampuni katika mji wa Maynard. Walipanga sehemu ya kiwanda kikuukuu ambamo zamani sufi ilifumwa. Mtaji wao ulikuwa dola 70,000. Wenye kutoa mtaji huo waliona kwamba biashara ya kompyuta ilikuwa na hasara nyingi, wakawashauri vijana hao wasilitaje neno lenyewe. Kwa sababu hiyo kampuni iliitwa Digital Equipment Corporation, au DEC kwa ufupi, na kompyuta yake ya kwanza ilipotokea haikuitwa kompyuta. Iliitwa PDP, herufi tatu zenye maana ya mtambo wa kushughulikia habari kwa kufuata maagizo. PDP-1 iliuzwa kwa dola 120,000. Bei hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa ndogo ikilinganishwa na bei za mitambo mingine ya siku zile.

Haja iliyozaa mtambo mdogo kabisa ilitoka Canada. Huko Chalk River palikuwa na tanuri la nguvu za atomiki, na tanuri la namna hiyo lazima liangaliwe usiku na mchana: joto lake, kanieneo yake, mwendo wa maji yake. Ili uielewe haja hiyo, fikiri kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kuendelea kusafisha mafuta hadi 2013. Katika kiwanda kama hicho mafuta hupita katika mabomba mengi, na katika kila bomba yapasa mtu ajue joto ni kiasi gani na mkazo ni kiasi gani. Vipimo hivyo haviwezi kungoja jibu la dirishani la siku ya pili. Watu wa Chalk River walihitaji kitu cha kusoma vipimo na kuvipeleka katika kompyuta kubwa zaidi. Wahandisi wa DEC wangaliweza kuunda kifaa cha kazi hiyo moja tu. Badala yake waliona kwamba kompyuta ndogo sana ingeweza kuifanya, na kufanya nyingine nyingi baadaye. Ndipo ilipozaliwa PDP-5, mwaka ule ule wa 1963, kwa bei ya dola 27,000. Miaka miwili baadaye mhandisi Edson de Castro na wenzake waliutengeneza upya mpango wake, wakapata PDP-8. Bei yake ilikuwa dola 18,000, pamoja na mashine ya kupigia chapa.

Sasa tuingie ndani ya mtambo wenyewe. Kompyuta huhesabu kwa alama mbili tu, sifuri na moja, kama taa iliyozimwa na taa iliyowashwa. Alama moja ya namna hiyo huitwa biti. Biti kadhaa zikishikamana hufanya neno, na ukubwa wa neno ndio kipimo cha mwili wa mtambo. Kompyuta kubwa za wakati ule zilikuwa na maneno ya biti 32 au 36. PDP-8 ilikuwa na maneno ya biti 12 tu. Kila biti iliyopunguzwa ilipunguza nyaya, transista na fedha. Lakini wahandisi hawakukata ovyo. Biti 12 huweza kuandika hesabu 4,096 mbalimbali, tangu 0 hadi 4,095. Kipimo cha joto kilichogawanywa katika sehemu elfu nne ni kipimo cha kutosha kwa kazi nyingi za kiwandani na maabarani. Walikata mpaka walipofika penye haja, wakakomea hapo.

Ghala ya kumbukumbu ya mtambo huo ilikuwa na nafasi za maneno 4,096. Ukizidisha kwa biti 12, utaona kwamba palihitajiwa vipande 49,152 vya kushika alama. Kila kipande kilikuwa pete ndogo mno ya feriti, yaani udongo wa chuma uliookwa, yenye kuweza kushika nguvu ya sumaku upande huu au upande huu. Upande mmoja ulikuwa sifuri, wa pili ulikuwa moja. Nyaya nyembamba zilipenyezwa katika matundu ya pete hizo, nyingine za kwenda urefu na nyingine za kwenda upana, mpaka pakapatikana kitambaa cha shaba na feriti. Mwanamke wa Likoni atungaye shanga, au asukaye ukili wa mkeka bila kukosea hesabu ya miyaa, angaliitambua kazi hiyo mara moja. Na kwa kweli ilikuwa kazi ya wanawake. Katika viwanda vya Marekani, na baadaye Asia ya Mashariki, ni mikono yao iliyopenyeza nyaya hizo kwa subira, macho yao yakisaidiwa na vioo vya kukuza. Majina ya wahandisi yameandikwa vitabuni. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa. Lakini hapakuwa na kompyuta hata moja ya namna ile iliyokumbuka neno bila ya kazi yao.

Jinsi pete moja ilivyochaguliwa kati ya maelfu ni jambo la kupendeza. Umeme uliopitishwa katika waya mmoja ulikuwa nusu ya nguvu iliyotakiwa kugeuza sumaku. Pete iliyopitiwa na waya mmoja wenye umeme haikubadilika. Ile moja tu iliyokuwa penye njia panda ya nyaya mbili zenye umeme ndiyo iliyogeuka, kama mlango mzito usiofunguka kwa kusukumwa na mtu mmoja, lakini ukafunguka wakisukuma wawili kwa pamoja. Tena, kuisoma pete kulifuta kilichokuwamo, hivyo mtambo ulilazimika kuandika tena kila ulichosoma. Kusoma na kuandika kwa pamoja kulichukua maikrosekunde 1.5, na maikrosekunde ni sehemu moja katika milioni ya sekunde. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo wengi wataitamani: umeme ukikatika, haikusahau.

Kutoka ghalani tuende mahali pa kazi. PDP-8 ilikuwa na mahali pamoja tu pa kufanyia hesabu, palipoweza kuchukua neno moja. Tupaite kikusanyio. Hapa nakuomba ukumbuke kivuko cha Likoni. Tangu 1937 feri imevusha watu na magari kati ya Likoni na kisiwa, na kwa miaka mingi gari lililotoka Likoni kwenda mjini halikuwa na njia nyingine ya karibu. Tajiri na maskini, lori la nazi na gari la mgonjwa, wote walipitia pale. Kikusanyio kilikuwa kivuko cha mtambo ule. Hesabu yoyote iliyotaka kujumlishwa na nyingine ilipita hapo, na hesabu yoyote iliyotaka kurudi ghalani ilitoka hapo. Kompyuta kubwa zilikuwa na vivuko vingi na madaraja mengi. Huu ulikuwa na kimoja, na mwandishi wa maagizo ilimpasa apange safari za hesabu zake kwa uangalifu, ili zisisongamane gatini.

Amri ambazo mtambo ulizielewa zilikuwa za aina nane tu. Moja ililinganisha maneno mawili biti kwa biti. Ya pili ilijumlisha. Ya tatu iliongeza moja katika neno la ghalani, na jibu likiwa sifuri iliruka amri inayofuata. Ya nne ilipeleka ghalani kilichomo katika kikusanyio na kukiacha kitupu. Ya tano ilikwenda kufanya kazi ndogo mahali pengine, ikiweka alama ya pa kurudi. Ya sita ilikwenda mahali pengine bila ya ahadi ya kurudi. Ya saba ilizungumza na vyombo vya nje. Ya nane ilikigeuza au kukipima kikusanyio chenyewe.

Bila shaka umeona kwamba kutoa hakumo katika orodha hiyo. Je, mtambo wa kuhesabu usiojua kutoa una faida gani? Tazama saa ya ukutani. Mshale ukiwa penye tisa, nawe ukiurudisha nyuma saa nne, utafika penye tano. Lakini ukiusogeza mbele saa nane, utafika pale pale penye tano. Katika saa yenye namba 12, kutoa nne ni sawa na kuongeza nane. PDP-8 ilikuwa kama saa yenye namba 4,096. Ili kutoa nne, iliongeza 4,092. Na kuipata 4,092 kulikuwa rahisi: iligeuza kila biti ya nne, sifuri ikawa moja na moja ikawa sifuri, kisha ikaongeza moja. Hivyo chombo kizima cha kutoa kiliachwa, na kazi yake ikafanywa na chombo cha kujumlisha. Kuzidisha nako kulifanywa kwa kujumlisha tena na tena, na kwa kuwa mtambo uliweza kujumlisha zaidi ya mara 300,000 katika sekunde moja, mwenye kungoja hakuchoka sana.

Uchache huo ulileta taabu katika jambo la anwani. Amri moja ilikuwa neno moja la biti 12. Biti tatu zilitaja aina ya amri, na mbili zilionyesha namna ya kuitafuta anwani. Zilibaki saba za kutaja mahali penyewe, na biti saba haziwezi kutaja zaidi ya nafasi 128. Basi ghala iligawanywa katika kurasa 32 za nafasi 128 kila mmoja, kama bao letu lilivyogawanywa katika mashimo 32. Amri iliweza kutaja nafasi iliyo katika ukurasa wake yenyewe, au katika ukurasa wa kwanza ambao ulikuwa wa wote. Ni kama mtu wa Kisauni amwambiaye jirani yake, “Nenda nyumba ya saba.” Ndani ya mtaa maneno hayo yatosha. Lakini akimtuma Changamwe, lazima ampe karatasi yenye anwani kamili. PDP-8 ilifanya vivyo hivyo: anwani kamili iliandikwa katika neno jingine, na amri ikaelekezwa ikalisome neno hilo kwanza.

Mwili wa mtambo ulikuwa wa kadi ndogo zilizobandikwa transista na diodi. Transista zilikuwa kiasi cha 1,400, na diodi zaidi ya 10,000. Kadi zilichomekwa katika safu, na nyuma yake nyaya zilizungushwa kwenye vijiti vya chuma kwa mashine iliyojiendesha, mahali pa fundi wa kuchomelea waya mmoja mmoja. Ndiyo sababu moja ya bei kushuka. Mtambo uliweza kukaa juu ya meza. Ulifunikwa kwa kioo cha plastiki chenye rangi ya moshi, na mtu aliziona kadi zake kama aonavyo samaki katika maji matulivu ya Mtwapa. Kadi ikiharibika, ilichomolewa ikatiwa nyingine.

Mbele yake palikuwa na taa na swichi. Mtambo mpya haukujua lolote, hata namna ya kusoma. Mwenye kuutumia alizipanga swichi 12 juu na chini, akabonyeza, neno moja likaingia. Akapanga tena, la pili likaingia. Maneno yapatayo 16 yalitosha kuufundisha mtambo kusoma utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe ulisomwa na mashine ya Teletype herufi 10 kwa sekunde, na kuijaza ghala yote kulichukua karibu robo ya saa. Kazi hiyo ilichosha vidole, lakini ilikuwa na fundisho lake. Aliyeifanya aliona kwa macho yake kwamba ndani ya mtambo hapakuwa na jini wala uchawi. Palikuwa na sifuri na moja, alizoziweka yeye mwenyewe.

Haifai nikusifie mtambo huu kana kwamba haukuwa na kasoro. Ghala ya maneno 4,096 ilijaa upesi. Baadaye ilipanuliwa hadi maneno 32,768, lakini kwa njia zenye mizunguko, maana neno la biti 12 halikuwa na nafasi ya kutaja anwani kubwa zaidi. Akiba iliyowekwa 1965 ilidai deni lake kila mwaka uliofuata. Jifunze hapa pia, msomaji: kila kinachopunguzwa kina gharama yake, na fundi mwema huijua gharama hiyo kabla ya kukata.

Hata hivyo faida ilishinda. Maabara, hospitali, viwanda, vyuo na nyumba za kupiga chapa magazeti, ambazo hazikuweza kuota kununua kompyuta kubwa, ziliweza kununua hii. Kwa miaka zaidi ya 20 ukoo wa PDP-8 uliendelea kuundwa kwa sura mbalimbali, na jumla ya mitambo yake ilizidi 50,000. Mwaka 1968 de Castro aliondoka DEC akaanzisha kampuni ya Data General, iliyounda kompyuta ndogo ya kushindana na mabwana zake wa zamani. Katika miaka ya 1970 mpango mzima wa PDP-8 uliingizwa katika kipande kimoja cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Kisha zikaja kompyuta za nyumbani, zilizo ndogo na rahisi zaidi, na DEC yenyewe, iliyokuwa imewashinda wakubwa kwa udogo wake, ikashindwa na wadogo kuliko yeye. Mwaka 1998 ilinunuliwa na kampuni ya Compaq, mwuzaji wa kompyuta za mezani.

Sasa yatazame mambo haya kwa upande wako. Ghala ya PDP-8 ilikuwa na biti zilizo sawa na herufi 6,144 za kompyuta za leo. Picha moja ya simu yenye herufi milioni tatu ingehitaji mitambo karibu 500 ya namna ile kuishika. Ukipima kwa wingi wa kumbukumbu, mwanafunzi wa Kisauni aliye na simu kuukuu ana mali kubwa kuliko maabara ya Marekani ya 1965. Lakini watu wa maabara ile walikuwa na kitu ambacho huenda mwanafunzi huyo hana. Kampuni iliwapa vitabu vya bei nafuu vilivyoeleza kila amri, na michoro iliyoonyesha saketi. Mtu mmoja mwenye bidii aliweza kuufahamu mtambo mzima, tangu swichi hadi pete ya mwisho ya feriti. Simu ya leo imefungwa kwa gundi, na mwenye nayo hufundishwa kugusa kioo tu.

Hii ndiyo hatari ninayotaka uione. Mtu aweza kuwa na chombo kikubwa na akawa mtumwa wake. Mwingine aweza kuwa na chombo kidogo na akawa bwana wake. Tofauti yao ni maarifa ya ndani. Fundi wa Changamwe afunguaye simu mbovu kwa bisibisi ndogo, akafuata njia ya umeme mpaka penye kasoro, ameanza kushika ufunguo wa kisima. Nawe waweza kuanza. Mpango wa PDP-8 ni mdogo hata sasa, na kwa sababu hiyo ni mwalimu mzuri: amri zake nane zaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari lako. Chukua karatasi, chora mahali pa kikusanyio, andika hesabu mbili, uzivushe moja moja kama feri ivushavyo. Ukikosea, futa uanze tena. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahandisi wa Maynard waliinama juu ya uchache wao wakapata njia ya kompyuta kutoka vyumba vilivyofungwa na kufika mikononi mwa watu. Uchache wa shule zetu ni kweli, na kalamu na daftari ni kweli pia. Anza na hivyo.